Kwa Nini Huduma Mpya Tuliiweka Nambari 7: Kuongeza Kipya Bila Kuvunja cha Zamani

Mteja wetu mmoja, mama anayeuza ndengu na mahindi sokoni Tawa, kule Mbooni katika Kaunti ya Makueni, alitupigia simu siku chache baada ya sisi kuongeza Malipo ya Kila Mwezi kwenye menyu. Hakuwa na shida yoyote. Alikuwa na swali tu.

"Hii kitu ni nzuri," akasema. "Inanilipia kodi ya kibanda hata nikisahau. Lakini mbona mmeificha huko chini kabisa, nambari 7? Si mngeiweka juu watu waione?"

Kwenye simu tulimjibu kwa ufupi: tuliiweka chini ili pesa zako zisipotee, mama. Alicheka, akasema hajaelewa. Ni kweli, jibu lenyewe linahitaji nafasi zaidi ya dakika mbili za simu. Hili hapa jibu refu, kwake na kwa yeyote anayetuma au kupokea pesa kwa simu.

Wewe pia ni mwandishi wa programu

Usishtuke. Kama umewahi kubonyeza nyota, nambari kadhaa, kisha alama ya reli, tayari umeandika msimbo. Ni mfupi, lakini una sarufi yake kamili.

Chukua kadi ya kukwangua. Wenye laini za Safaricom wanajua kuandika *141*, halafu tarakimu za kadi, halafu #. Nyota inatenganisha vipande. Alama ya reli inasema "nimemaliza". Kipande cha kwanza kinataja huduma, cha pili ni nambari ya kadi. Ukibadilisha mpangilio, hakuna kinachofanyika, kwa sababu katika lugha hii ndogo mahali ulipoweka kitu ndipo panapokipa maana.

Menyu yetu iko hivyo hivyo. Kwa miaka mingi imekuwa hivi:

1. Tuma pesa
2. Toa pesa
3. Nunua kredo
4. Lipa bili
5. Lipa bidhaa
6. Akaunti yangu

Wapo wanaoifuata hatua kwa hatua. Lakini wateja wazoefu, hasa wenye simu ndogo za vibonyezo, wana njia ya mkato. Wanaandika kila kitu kwa mstari mmoja:

*HUDUMA*1*07XXXXXXXX*500#

Mahali pa neno HUDUMA huwa wanaweka nambari yetu. Maana yake ni: nenda kwa huduma hii, chagua 1, mtu ni huyu, kiasi ni shilingi 500. Kinachobaki ni kuweka namba ya siri. Wengine wameuhifadhi mstari huo kwenye orodha ya majina ya simu, kama vile ni mtu: "Boda", "Nyumbani", "Chama". Wakitaka kutuma wanapiga tu, kazi imeisha.

Hata yule anayejibu menyu hatua kwa hatua, mara nyingi majibu yake yakifika kwa kompyuta huwa yameunganishwa kwa nyota kwa mtindo huo huo. Kwa hivyo mbele ya mfumo, 1 ni 1. Haujui kama umeisoma skrini au umekumbuka kwa kichwa.

Sasa fikiria tungeiweka juu

Tuseme tungemsikiliza mama wa Tawa. Malipo ya Kila Mwezi yanakuwa nambari 1, Tuma pesa inashuka hadi 2, na zingine zote zinasukumwa chini kwa hatua moja.

Mama huyu ana kijana wa bodaboda anayemletea magunia. Kila gunia likifika anamtumia shilingi 500 kwa mstari wake wa mkato, ule unaoanza na 1. Hasomi skrini, ameutumia mstari huo mara mia. Kosa liko wapi hapo? Huduma mpya nayo inataka vitu viwili vile vile: nambari ya mtu na kiasi. Kwa hivyo mfumo mpya hauoni tatizo lolote. Unapokea ule mstari wa zamani na kuuelewa hivi: mlipe huyu kijana shilingi 500 kila mwezi, kuanzia leo.

Mama anaweka namba ya siri kwa mazoea. Kijana anapata 500 zake siku hiyo hiyo. Hakuna anayelalamika, kwa nini alalamike? Mwezi huo magunia yanaletwa mara 12. Mwezi unaofuata, bila gunia hata moja, maagizo 12 yanaanza kujilipa yenyewe, na shilingi 6,000 zinaondoka kwenye akaunti yake. Huo ni mtaji wa mtu.

Angalia vizuri kilichotokea. Mfumo haujaharibika. Hakuna tapeli. Mama hajakosea hata tarakimu moja. Aliandika maneno yale yale aliyoyaandika jana, ila sisi tungekuwa tumebadilisha maana ya maneno bila kumwambia.

Ndiyo maana nambari 7. Kabla ya hapo 7 haikuwa na maana yoyote kwenye menyu yetu. Ungeiandika ungeambiwa "chaguo si sahihi". Kwa hivyo hakuna mstari wa zamani uliokuwa unafanya kazi ambao ungeweza kugongana nayo.

Kanuni yenyewe ni hii: kipya kikae mahali ambapo zamani palikuwa tupu, na cha zamani kiendelee kumaanisha kile kile.

Nambari za 01: mfano unaoujua

Kanuni hiyo hatukuibuni sisi. Kenya nzima imeiona ikifanya kazi.

Kwa muda mrefu tulijua nambari ya simu ya mkononi huanza na 07. Baada ya 07 kuna tarakimu nane, kwa hivyo nambari zote zinazowezekana ni milioni 100. Ni nyingi, lakini kampuni za simu hugawiwa kwa mafungu makubwa, watu wengi wana laini mbili au tatu, na laini iliyoachwa haipewi mtu mwingine siku inayofuata. Kufikia 2019 laini za simu nchini zilikuwa zimepita milioni 50. Mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilifungua mlango mwingine: nambari zinazoanza na 01. Airtel wakapata 0100, 0101 na 0102, Safaricom wakapata 0110 na 0111. Milioni 100 nyingine zikapatikana.

Kwa nini hawakuongeza tu tarakimu moja kwa nambari zetu za zamani? Kwa sababu kila nambari iliyoandikwa kwenye daftari la duka, kwenye mlango wa lori, kwenye kadi ya kliniki na kwenye ukuta wa posho mill ingekuwa imekufa usiku mmoja. Kwa njia ya 01, mwenye 07 hakuguswa. Alilala na nambari yake, akaamka nayo.

Na kwa nini iwe 01 na si kitu kingine? Kwa sababu palikuwa tupu. Nairobi kwa simu za mezani ni 020, Mombasa 041, Kisumu 057, Nyeri 061. Hakuna simu ya mezani iliyokuwa ikitumia 01. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Watu wazima wa Mombasa watakumbuka kwamba zamani mji wao ulikuwa 011. Nambari za mezani zilipopangwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mombasa ikahamia 041, na 011 ikakaa bure miaka mingi kabla ya kupewa kazi nyingine. Hilo nalo ni funzo: mahali palipowahi kuwa na maana paachwe papoe kwanza. Ukipatumia mapema, anayepiga nambari ya zamani atafika kwa mtu asiyemjua.

Basi kila kitu kilienda sawa? Hapana.

Aliyevunjika ni aliyedhani

Fomu nyingi kwenye tovuti na programu za simu zilikuwa na sheria moja ndogo ndani: nambari ya simu lazima ianze na 07. Aliyeiandika hakuwa mjinga. Kila nambari aliyowahi kuona ilianza hivyo, na sheria ile ilimsaidia kukamata makosa ya watu. Lakini hakuna mahali alipoahidiwa kwamba itakuwa hivyo milele.

Mtu akanunua laini mpya ya 0110, akajaza fomu, akaambiwa nambari yake si sahihi. Laini inapiga na kupokea, pesa zinaingia, lakini fomu inakataa katakata. Laini ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni dhana ya mtu.

Waandishi wa lugha za kompyuta wanaujua uchungu huu. JavaScript ndiyo lugha inayoendesha kurasa za intaneti, na kurasa zilizoandikwa miaka 20 iliyopita bado zinatakiwa zifunguke leo. Wenye kuisimamia walitaka kuongeza amri mpya, wakaipa jina flatten. Mwaka 2018 ikagundulika kwamba kuna mkusanyo wa zamani wa msimbo, MooTools, uliokuwa tayari umejiwekea flatten yake. Tovuti za zamani zilizoutumia zingeharibika, na wenyewe pengine walishaziacha kitambo. Mmoja akapendekeza kwa utani jina smoosh, na mjadala ukawa mkali. Mwishowe amri ikaitwa flat, na ikaingia kwenye kanuni rasmi za 2019.

Jina zuri zaidi liliachwa kwa ajili ya kurasa za watu wasiojulikana. Ni uamuzi wa aina ile ile ya nambari 7. Ukiwa juu, huwezi kujua ni nani huko chini amejenga nyumba yake juu ya kitu ambacho wewe hukudhani kina mtu.

Njia nyingine tatu za kuongeza bila kuvunja

Nafasi tupu si njia pekee. Zipo nyingine, na zote tunazitumia.

Ya kwanza ni kuongeza mwishoni, na kwa hiari. Tuseme tunataka mtumaji aweze kuandika sababu ya malipo, kwa mfano "karo" au "gunia". Hatutaiweka katikati ya nambari na kiasi, kwa sababu hapo kiasi kitasogea na 500 itasomwa kama sababu. Tutaiweka baada ya kiasi, na mstari usiokuwa nayo utaendelea kukubaliwa. Anayetaka aongeze kipande cha nne. Asiyetaka aendelee na vitatu vyake.

Ya pili ni neno moja kuwa na kazi mbili kulingana na mahali lilipo. Lugha ya Java ilifanya hivi Machi 2018, katika toleo la 10. Walitaka neno fupi var litumike kumwambia kompyuta "kisanduku hiki cha thamani, jua mwenyewe ni cha aina gani". Lakini watu wengi walikuwa wameshazipa sanduku zao jina var. Wangelifanya neno mwiko, programu hizo zote zingekataa kufunguka. Kwa hivyo hawakulipiga marufuku kila mahali. Likikaa pale panapotakiwa jina la aina, linafanya kazi mpya. Likikaa mahali pa jina la kawaida, ni jina la kawaida kama zamani. Waliozuiwa ni wale tu walioipa aina yao jina var, na hao ni wachache sana, kwa kuwa desturi ya Java ni kuanza majina ya aina kwa herufi kubwa. Ni kama 1 kwenye menyu yetu: mwanzoni ni "tuma pesa", ikiwa ndani ya kiasi ni tarakimu tu. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu mahali panatofautisha.

Ya tatu ni kuendesha ya zamani na mpya kwa pamoja, kila moja kwa mlango wake. Wenye maduka na shule wanaounganisha kompyuta zao na M-PESA hupitia mfumo uitwao Daraja. Humo, huduma ya kupokea taarifa za malipo ya wateja ina anwani yenye alama v1 na nyingine yenye v2. Ile ya v2 inaficha tarakimu za katikati za nambari ya mlipaji, jambo jema kwa usiri wako. Lakini mwenye duka ambaye programu yake ilimtambua mteja kwa nambari kamili angeamka asubuhi na daftari lisilosomeka kama badiliko hilo lingepitishwa kwenye mlango wa zamani kimya kimya. Mlango ukiwa na jina jipya, mwenye programu anajua anaingia wapi, na anahama akiwa amejiandaa.

Na kuna wakati lazima kuvunja

Tusidanganyane. Kuna vitu vya zamani ambavyo vikiachwa vitaumiza watu. Tukigundua kwamba njia fulani inampa mwizi nafasi ya kuona namba yako ya siri, hatutaitunza eti kwa sababu watu wameizoea. Tutaifunga. Swali huwa ni namna ya kuifunga.

Mfano mzuri ni lugha ya Python, ambayo inatumika sana mabenkini, vyuoni na kwenye kampuni kama zetu. Desemba 2008 lilitoka toleo la 3, na wenyewe walisema wazi kwamba litavunja ya zamani. Mambo mawili waliyoyabadilisha yanatufundisha sana.

La kwanza ni amri ya kuandika kitu kwenye skrini. Zamani uliandika:

print "Habari"

Katika toleo la 3 lazima uweke mabano:

print("Habari")

Ukiandika kwa njia ya zamani, Python 3 inakataa papo hapo na kukuonyesha mstari wenye kosa. Inaudhi, lakini ni wazi. Unarekebisha, unaendelea.

La pili ni kugawanya. Chukua chama cha watu watatu wanaogawana shilingi 500. Katika Python 2, 500 / 3 ilikupa 166, na sehemu iliyobaki ikatupwa. Katika Python 3, maandishi yale yale, 500 / 3, yanakupa 166.66 na zaidi kidogo. Hakuna kukataa, hakuna onyo. Mstari unakubalika kote kuwili, ila jibu ni lingine. Kama programu yako ya pesa ilitegemea 166, sasa hesabu zako hazilingani na hujui ni kwa nini.

Kwetu sisi tunaoshika pesa za watu, haya mawili hayafanani kabisa. Amri inayokataliwa inakupotezea dakika mbili. Amri inayokubaliwa kwa maana nyingine inakupotezea pesa, na unagundua baadaye, pengine wakati pesa zenyewe zimeshatolewa kwa wakala. Kwa hivyo tukilazimika kuvunja, tunavunja kwa sauti. Njia ya zamani itakwambia "njia hii imefungwa, tumia hii nyingine". Haitageuka kuwa kitu kingine.

Python pia walitoa muda. Toleo la 2.7 lilitoka 2010, na likaendelea kutunzwa hadi Januari 1, 2020. Tena kabla ya hapo kulikuwa na njia ya kuomba sarufi mpya ndani ya lugha ya zamani: unaandika mstari mmoja juu ya faili lako kusema "hapa nataka kugawanya kwa mtindo mpya", na faili za wengine zinabaki zilivyo. Aliyekuwa tayari alitangulia. Aliyechelewa hakusukumwa. Hata hivyo, wengi walifika siku ya mwisho hawajahama. Muda mrefu peke yake hautoshi. Lazima pia watu wakumbushwe, tena na tena, kwa lugha wanayoielewa.

Tunavyofanya sisi

Kabla ya badiliko lolote kwenye menyu au kwenye ujumbe wa uthibitisho, tunajiuliza maswali manne.

Je, kuna mstari wa zamani ambao utakubaliwa na mfumo mpya lakini kwa maana tofauti? Kama upo, badiliko halipiti, hata liwe zuri vipi.

Je, kuna mtu anayetegemea kitu ambacho hatukuahidi? Mfano ni ujumbe wetu wa uthibitisho. Sisi tuliuandika usomwe na binadamu, lakini kuna maduka yenye programu inayousoma na kuandika mauzo yenyewe. Tukihamisha neno moja tu, kitabu cha mauzo kinasimama. Siku hizi kipya tunakiongeza mwishoni mwa ujumbe; mwanzo tunauacha.

Je, mwenye simu ndogo ataweza? Programu ya simu kubwa inaweza kujisasisha usiku. Mstari uliohifadhiwa kwa jina la "Boda" kwenye simu ya vibonyezo haujisasishi. Huo utabaki hivyo hadi simu ife.

Na kama kitu lazima kifungwe, je, tumeeleza mapema, na je, kitakataa wazi?

Gharama ipo, tunakubali. Menyu yetu ingepangwa upya leo, isingekuwa hivi. Malipo ya Kila Mwezi yangekaa karibu na Tuma pesa. "Akaunti yangu" haingekuwa katikati. Menyu isiyovunjwa huwa kama nyumba ya familia ambayo kila kizazi kimeongeza chumba: mgeni anapotea, lakini wenyeji wanajua mlango wao hata gizani. Tumeamua kuwajali walio ndani kwanza. Mgeni tutamwekea kibao.

Unachoweza kufanya wewe

- Hifadhi nambari za watu kwa mtindo wa +254. Mwenye 07XXXXXXXX anakuwa +2547XXXXXXXX, na mwenye 01XXXXXXXX anakuwa +2541XXXXXXXX. Ile 0 ya mwanzo inaondoka.

- Kama una fomu, kitabu cha wanachama au programu ya duka, hakikisha inakubali 07 na 01. Mwambie fundi wako aijaribu zote mbili, na za +254 pia. Ni kazi ndogo sana, lakini bila hiyo unamfungia mteja mlango.

- Ukitumia mstari wa mkato, soma skrini ya mwisho kabla ya kuweka namba ya siri. Angalia mambo matatu: jina la mpokeaji, kiasi, na aina ya malipo. Ukiona "kila mwezi" na wewe ulitaka mara moja, acha hapo hapo.

- Pitia maagizo yako ya kila mwezi. Chagua 7, kisha Maagizo yangu. Ukiona usilolitambua, lifute hapo hapo kisha utupigie.

- Ukipigiwa simu uambiwe "mfumo umebadilika, bonyeza nyota hii na hii tukusaidie", kata. Matapeli wanapenda sana habari za mabadiliko, kwa sababu wanajua watu hawana uhakika. Sisi tukibadilisha kitu, cha zamani ama kinafanya kazi kama jana, ama kinakataa na kukuelekeza kwenye skrini yako mwenyewe. Hatutakupigia kukutajia mstari wa kuandika, na hatutakuuliza namba ya siri.

Yule mama wa Tawa tulimpigia tena tukamweleza habari ya magunia 12 na shilingi 6,000. Alinyamaza kidogo, kisha akatuambia mstari wake wa "Boda" aliwekewa na kijana wake kwenye simu miaka mitano iliyopita, na hata hajui unaandikwaje. Yeye hubonyeza jina tu.

"Basi iacheni hiyo saba huko huko," akasema. "Nimeshaizoea."